Penzi Kwenye Barafu: Wikiendi Yetu Eagle River

Pua imeganda, injini zinanguruma, na chupa ya chai ya tangawizi iko katikati yenu. Nani alisema mapumziko ya wapenzi lazima yawe ufukweni?

Mpenzi msomaji, ukitaja "wikiendi ya mapumziko" akili za wengi wetu hukimbilia Bagamoyo, Nungwi au Diani. Mchanga mweupe, madafu mawili, na ile picha ya miguu minne inayotazama bahari. Hakuna ubaya, raha ni raha. Lakini kwa wenzetu wanaoishi kaskazini mwa Marekani kuna karibu miezi mitano ya mwaka ambayo ufukwe ni habari ya kwenye kalenda ya ukutani tu. Mnatoka kwenda kazini giza, mnarudi giza. Mmoja ana shifti ya usiku, mwingine ya mchana. Mazungumzo yanabaki "umelipa bili ya gesi?" na "nani kamaliza maziwa?" Penzi nalo, taratibu, linaingia kwenye friza.

Mimi na mume wangu tunaishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, na hii ilikuwa baridi yetu ya tatu. Mwezi wa pili alitakiwa asaini mkataba mpya wa kazi wa miaka miwili. Mimi nilikuwa nimeshachoka. Nilitaka tuhamie Houston, Texas, aliko dada yangu, ambako mtu hahitaji nusu saa ya kuvaa ndipo akatupe takataka. Kila nikigusia suala hilo mwenzangu alikuwa na jibu moja tu: "Tutaona, mama." Wanawake wenzangu mnaijua hiyo "tutaona". Haina tarehe wala sahihi.

Dada mmoja Mkenya tunayesali naye ndiye aliyetupa wazo. Alituambia: "Msiamue habari za baridi mkiwa mmejifungia ndani na hita. Nendeni mkawaone wenye baridi yao wanavyoiishi." Yeye na mumewe huenda kila Januari kuangalia mbio za pikipiki za theluji katika mji unaoitwa Eagle River, jimbo la jirani la Wisconsin. Basi bwana, Ijumaa moja ya Januari iliyopita tukabeba blanketi, chapati na chupa ya chai, tukatia mafuta gari, huyoo.

Hiyo pikipiki ya theluji ni kitu gani?

Kwa ambao hamjawahi kuiona, chukua bodaboda ung'oe matairi yote mawili. Mbele weka skii mbili za kuelekeza, nyuma weka mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama minyororo ya buldoza. Wenyeji wanaiita sledi. Inapita juu ya theluji ambayo mtu kwa miguu angezama mpaka kiunoni.

Chimbuko lake liko karibu kabisa na Eagle River. Mwaka 1924, katika kijiji cha Sayner, mwenye duka aitwaye Carl Eliason alikuwa na tatizo la mguu. Majira ya baridi marafiki zake wakienda kuwinda msituni, yeye alikuwa hawezi kuwafuata kwenye theluji nzito. Akachukua kitoroli cha mbao cha kuteleza, akafunga injini ndogo ya boti, akaongeza kipande cha rejeta ya gari la Ford Model T na skii mbili zinazoelekezwa kwa kamba. Mwaka 1927 akapata hataza yake. Kile chombo cha kwanza bado kipo Sayner, kwenye jumba la makumbusho.

Kule Quebec, Canada, fundi mwingine alikuwa na sababu nzito zaidi. Mwaka 1934 Joseph-Armand Bombardier alifiwa na mtoto wake mdogo wa kiume, kwa kuwa theluji ilifunga njia na hakukuwa na chombo cha kumfikisha hospitali. Kampuni yake iliendelea na vyombo vya theluji, na mwaka 1959 ikatoa Ski-Doo, pikipiki nyepesi ya mtu mmoja au wawili iliyobadili kabisa maisha ya vijijini huko.

Mume wangu alinisimulia yote hayo njiani, maana alikuwa amesoma sana kabla ya safari. Nami nikawa nafikiri: kumbe huu mdude haukutengenezwa kwa ajili ya mbio. Mmoja alikuwa hataki kuachwa na wenzake, mwingine alikuwa amekwisha kupoteza. Mbio zilikuja baadaye.

Mji mdogo, jambo kubwa

Kutoka Minneapolis ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, kama barabara imefagiliwa. Unapita misitu ya misonobari na maziwa yaliyoganda ambayo juu yake watu wameegesha magari, wanavua samaki kupitia tundu. Wilaya ya Vilas peke yake ina zaidi ya maziwa 1,000. Eagle River yenyewe ina wakazi 1,600 na kidogo, yaani wanaweza kuenea kwenye harusi moja ya Kihaya na chakula kikabaki.

Lakini Januari mji unafurika. Mbio hizi zilianza mwaka 1964 juu ya ziwa dogo liitwalo Dollar Lake. Siku hizi zina uwanja wake wenye njia ya duara ya nusu maili, yaani mita 800 hivi, iliyofunikwa barafu tupu. Barafu hiyo haianguki kutoka mbinguni. Inatengenezwa usiku, malori ya maji yanazunguka na kumwaga, maji yanaganda, yanamwagwa mengine, tabaka juu ya tabaka mpaka uwanja unang'aa kama sakafu ya benki.

Mshindi wa mbio kubwa ya Jumapili anaitwa bingwa wa dunia, na si maneno ya kujipamba. Mwaka 1974 aliyeshinda hapa alikuwa kijana wa Quebec, Gilles Villeneuve. Ndiyo, huyo huyo aliyeingia Formula One mwaka 1977 akawa kipenzi cha mashabiki wa Ferrari mpaka alipofariki kwenye ajali mwaka 1982. Mdogo wake, Jacques, alishinda Eagle River mara tatu: 1980, 1982 na 1986.

Mjini, karibu na stesheni ya zamani ya reli, kuna kasri la barafu. Wazima moto wa kujitolea wa mji hukata matofali ya barafu ziwani, huyabeba na kuyapanga mpaka yanakuwa jengo. Hakuna anayelipwa. Joto likirudi linayeyuka lote, na mwaka unaofuata wanaanza upya. Mume wangu alilitazama sana lile kasri, akasema, "Hawa watu wana moyo." Nikamjibu, "Au hawana televisheni."

Samaki wa Ijumaa

Tulifika jioni, na kwa kuwa jua huku Januari linazama kabla ya saa kumi na moja, "jioni" maana yake usiku mtupu. Njaa ilikuwa inauma. Mwenye nyumba ya wageni akatuambia leo Ijumaa, kwa hiyo chakula ni samaki. Wisconsin nzima iko hivyo. Ni desturi iliyokuja na wahamiaji Wakatoliki kutoka Ujerumani na Poland, ambao Ijumaa hawakula nyama, na sasa inafuatwa na kila mtu awe anasali au hasali.

Mimi ni mtoto wa Tanga, samaki hanidanganyi mtu. Wale walikuwa samaki wa ziwani, wamepakwa unga na kukaangwa wakakauka vizuri, pamoja na viazi na kachumbari ya kabeji. Pilipili hakuna, lakini nilikuwa na ya kwangu kwenye mkoba (dada, usisafiri bila pilipili yako). Meza ni ndefu, mnakaa na msiowajua. Katika muda wa sahani moja tulikuwa tumeshaulizwa tumetoka wapi, tunafanya kazi gani, na kama tumeleta soksi za sufi. Huko Minneapolis tumekaa miaka mitatu na jirani wa mlango wa pili hatulijui jina lake.

Sasa mbio zenyewe

Jumamosi asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilivaa nguo hesabu yake nikaipoteza. Tukaingia uwanjani tukitembea kama maroboti.

Jambo la kwanza ni sauti. Hizi si injini kubwa. Daraja la juu linatumia cc 440 tu, lakini zinalia kama nyuki milioni wamefungiwa kwenye debe. Harufu ya mafuta na oili inatanda hewani, na kwa namna ya ajabu inakupasha joto.

Jambo la pili ni kona. Wanazunguka upande mmoja tu, kushoto, na kwenye barafu hakuna cha kushika. Kwa hiyo mkanda wa nyuma umejazwa misumari mikali, na skii za mbele zina vyuma vya kukata barafu. Mwendeshaji analalia kushoto mpaka mwili wake karibu wote uko nje ya kiti. Kwenye sehemu iliyonyooka wanapita kilomita 160 kwa saa. Nilijikuta nimeshika mkono wa mume wangu kwa nguvu mpaka akaniomba nimpumzishe.

Jambo la tatu ndilo linaloamua mshindi. Misumari inapokwangua barafu, unga mweupe unaruka nyuma kama wingu. Anayeongoza anaona njia. Wote walio nyuma yake wanaendesha ndani ya wingu hilo, wanakisia kona ilipo na mwenzao alipo. Ndiyo maana pale bendera inapoanguka kila mtu anapigania nafasi ya kwanza kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Villeneuve alikuwa akisema mbio hizi ndizo zilizomfundisha kuendesha bila kuona mbele.

Usifikiri ni mambo ya wanaume wakubwa tu. Kuna watoto wanaoshindana na mashine ndogo za cc 120, helmeti kubwa kuliko kifua. Akina mama wanapiga kelele pembeni kama tuko kwenye mechi ya shule ya msingi. Na kuna utani wa jadi kama wa Simba na Yanga: wa Ski-Doo wanavaa njano, wa Arctic Cat wanavaa kijani, na hawaivi chungu kimoja. Mume wangu ni Yanga damu. Hebu fikiria mateso yake alipogundua kijani na njano hapa ni mahasimu! Alishangilia wote wawili, akatazamwa vibaya na pande zote.

"Alikuwa anapenda watu"

Karibu nasi alikaa mzee mmoja, umri kama wa miaka 70 na kitu. Alipoona natetemeka alinipa blanketi bila kuuliza. Akataka kujua tumetoka wapi. "Tanzania," mume wangu akajibu. Mzee akacheka: "Mmekuja mbali kuona barafu." Mume wangu naye hakubaki nyuma: "Barafu tunayo hata kwetu, iko juu ya Kilimanjaro. Ila hatuifanyii mashindano."

Hapo ndipo stori zikaanza. Mzee alitueleza kitu ambacho sikuwa nakijua. Wisconsin ina karibu maili 25,000 za njia za pikipiki za theluji, na sehemu kubwa zinapita kwenye mashamba na misitu ya watu binafsi. Wenye mashamba wanaruhusu tu, kwa hiari yao. Vilabu vya vijiji ndivyo vinavyoweka alama, vinajenga madaraja madogo na kusawazisha theluji usiku, watu wakiwa wametoka kazini. Siku mwenye shamba mmoja akikasirika na kufunga geti, njia ya wote inakatika. Kwa hiyo wanaheshimiana kwa lazima, na wanajuana kwa majina. Sisi tungeiita harambee au msaragambo. Wao hawana neno moja la kuiita, lakini wanaifanya.

Si kila mwaka theluji inakuja, pia. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote katika kumbukumbu za jimbo hilo. Kule Hayward, mashindano maarufu ya skii ya Birkebeiner yalifanyika Februari 2024 kwenye mzunguko wa kilomita 10 wa theluji iliyotengenezwa kwa mashine. Mji mdogo unaoishi kwa wageni wa theluji ukikosa theluji, hoteli, vituo vya mafuta na migahawa vyote vinaumia. Mimi niliyekuwa naiombea baridi ife nilikaa karibu na watu wanaoiombea ije.

Nikamuuliza mzee kama huja na mkewe. Akasema alikuja naye kila mwaka mpaka alipofariki. Halafu akaongeza, macho yake uwanjani: "Hakuipenda baridi hata siku moja. Alikuwa anapenda watu."

Mume wangu hakusema kitu mpaka mbio zilizofuata zilipoisha.

Tulichozungumza garini

Jumapili, baada ya fainali, tulianza safari ya kurudi giza likiingia. Saa nne za barabara, hakuna televisheni, simu inashika na kuachia. Tulikuwa tumeshapita Rhinelander ndipo mwenzangu akafungua kinywa.

"Unajua mimi naichukia hii baridi kuliko wewe?"

Nikamgeukia. Akaendelea: "Nilikuwa naogopa kusema. Mimi ndiye niliyekuleta huku. Nikisema nimechoka, wewe utashika nini?"

Miaka mitatu, wasomaji wangu! Miaka mitatu mtu analala na neno hilo, na mimi nalala naye, kila mmoja amejifunika blanketi lake. Nikamwambia, "Basi sasa tunaichukia wote, angalau tuna kitu cha pamoja." Tukacheka mpaka akalazimika kupunguza mwendo.

Kisha tukaongea kama watu wazima. Mshahara, bima ya afya, ada ya mdogo wake iliyobaki mwaka mmoja, dada yangu wa Houston. Mambo ambayo nyumbani tungeyagusa na kuyaacha kwa sababu mmoja anawahi shifti. Nikamwambia wazi kwamba kinachoniumiza zaidi si nyuzi za baridi, ni kukaa mahali ambapo nikiugua hakuna atakayegonga mlango. Yeye akaniambia anaihofia Texas kwa sababu ataanza upya kazini, chini ya watu aliowazidi uzoefu.

Hatukumaliza kila kitu. Lakini alipofika kazini aliomba mkataba wa mwaka mmoja badala ya miwili, na wakamkubalia. Mwezi wa nne tunaenda Houston wiki nzima, si kutembea tu, kuangalia nyumba na kazi kwa macho yetu. Na kwa hizi baridi tutakazokuwa bado huku tumewekeana sharti: kila mwezi wikiendi moja nje ya nyumba, mahali penye watu. Jirani wa mlango wa pili nimeshampelekea maandazi. Sasa jina lake tunalijua.

Ukitaka kwenda na mwenzi wako

*Mavazi.* Pamba sahau, ikilowa jasho inakugandisha. Anza na nguo ya ndani ya sufi au ya michezo, juu yake sweta nzito, halafu koti na suruali zisizopitisha upepo. Viatu viwe vikubwa kidogo ili soksi zipumue. Vidole, pua na masikio ndivyo vinavyoungua kwanza kwa baridi. Vikifa ganzi na kubadilika rangi, ingia ndani upesi na usivisugue.

*Masikio.* Beba vizibo vya masikio. Usione aibu, hata wenyeji wanavyo.

*Kuendesha wenyewe.* Wisconsin, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1985 au baadaye lazima awe na cheti cha usalama ndipo aendeshe kwenye njia za umma. Mafunzo yanapatikana kwa intaneti, kwa hiyo fanyeni mapema mkiwa nyumbani. Usiku mwendo wa mwisho kisheria ni maili 55 kwa saa. Pombe na mashine hii haviendani, na barafu ya ziwani si ya kuaminika hata kama jana mtu alipita.

*Malazi.* Wikiendi ya mbio vyumba hujaa mapema. Ukipenda utulivu zaidi, nenda wikiendi ya mashine za zamani, ambayo hutangulia ile kubwa. Mashine ni za miaka hiyo, na wazee wenye stori ni wengi.

*Garini.* Blanketi, koleo la theluji, tochi, maji, chakula, na tangi lisishuke chini ya nusu. Barabara za msituni zina kilomita nyingi bila kituo.

*Kwenu wawili.* Kwenda, pigeni muziki mnaoupenda. Kurudi, uzimeni. Saa nne ni nyingi, na kuna mtu hapo pembeni yako ambaye huenda ana neno amelibeba muda mrefu.